Ndege ya Msufi na Watu 40 wa Vijiti

Najua kuna waliokuwa wanaulizana nimepotelea wapi wiki tatu hizi. Sijaumwa, sijaolewa, na bumu lililoingia halikuwa kubwa kiasi cha kunifanya nihame chuo. Nilikuwa najenga ndege. Ndiyo, ndege! Ya mbao, ya kuanzia mwanzo kabisa, hakuna boksi la dukani lenye vipande vilivyokwisha kukatwa. Wenzangu wa chumbani wamelala na vumbi la msasa puani mpaka mmoja akatishia kuhamia kwa shangazi yake Tabata.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwenye kozi ya zana za kufundishia tumeambiwa kila mmoja atengeneze zana moja atakayokwenda nayo kwenye mafunzo kwa vitendo, tena iwe ya vitu vinavyopatikana hapa hapa. Wa Jiografia wengi wamekimbilia volkano ya udongo (jamani, volkano ngapi sasa!). Mimi nasoma Historia na Jiografia, nikasema nataka daiorama, yaani mandhari ndogo juu ya ubao inayoonyesha tukio moja kama lilivyokuwa. Na tukio ninalo: manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji, na ndege iliyosaidia kuiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Upande wa mama yangu ni Rufiji, kwa hiyo hata nikishindwa kupata maksi nitakuwa nimepata cha kuongea nyumbani.

Kwa wale waliosahau, au waliokuwa wanasinzia siku hiyo, tukumbushane kidogo. Königsberg iliondoka bandari ya Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla Uingereza na Ujerumani hazijaanza kupigana. Tarehe 20 Septemba mwaka huo ikaizamisha meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar. Mitambo yake ikawa na matatizo, ikaingia kujificha Rufiji. Waingereza wakaigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini kuigundua ni kitu kimoja na kuifikia ni kitu kingine. Mto pale unagawanyika mikono mingi, maji mafupi, na mikoko imefunga kama ukuta. Meli kubwa haziwezi kupita, na mpiga mizinga aliye chini haoni chochote zaidi ya majani.

Hapo ndipo ndege zilipoingia. Ya kwanza ilikuwa ndege ya maji aina ya Curtiss, iliyokuwa na rubani wa kiraia kutoka Durban aitwaye Cutler. Rejeta yake ilipoharibika ikatafutwa ya gari la Ford kutoka Mombasa! Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu maktaba, maana ni kama vile fundi wa Gerezani ndiye aliyeitwa. Februari 1915 zikaja ndege za Sopwith, nazo joto letu likazishinda. Gundi iliyoshika mbao ikalainika, injini zikakosa nguvu, hata kunyanyuka majini ikawa taabu. Mwishowe zikaletwa ndege za Caudron na za Henri Farman zenye magurudumu, zikafyekewa uwanja kisiwani Mafia. Pamoja nazo zikaja meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, ambazo hapo mwanzo zilijengwa kwa ajili ya mito ya Brazil.

Mimi nikachagua Henri Farman. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu siku ile ya mwisho, na kwa sababu ni ndege ya ajabu kuitazama. Ina mabawa ya ghorofa mbili, nguzo na waya kila mahali, na mkia umeshikiliwa na fremu nyembamba kama ngazi. Injini na panga boi viko nyuma ya rubani, kwa hiyo ndege inasukumwa, haivutwi. Waliokaa mbele wamekaa kwenye kitu kama mtumbwi mfupi, hawana kitu mbele yao ila upepo. Mmoja anaendesha, mwingine anatazama makombora yanaangukia wapi na kuwaambia wapiga mizinga kwa simu ya upepo: mbali mno, karibu mno, kushoto, kulia.

Sasa tuje kwenye kazi. Kitu cha kwanza ni skeli. Nimechukua 1:72, yaani kila sentimita 72 za kweli zinakuwa sentimita 1 mezani. Mabawa ya ndege ile yalikuwa karibu mita 16 toka ncha hadi ncha, hiyo inatoa sentimita 22. Urefu wa mita kama 9 unatoa sentimita 12 na nusu. Safi kabisa, inaenea kwenye rafu. Halafu nikapiga hesabu ya meli: mita 115 gawa kwa 72... mita 1 na sentimita 60! Dada yangu, hiyo ni karibu urefu wangu mimi mwenyewe. Ningeibeba vipi kwenye basi la mkoani? Meli ikafutwa hapo hapo. Lakini hesabu ile ile ikanipa kitu kizuri zaidi. Severn ilikuwa ikipiga kutoka umbali wa kilomita kama 9. Kwenye skeli yangu hiyo ni mita 125. Uwanja wa mpira toka goli mpaka goli haufiki! Kwa hiyo wanafunzi nitawatoa nje. Mmoja asimame mbali kabisa nyuma ya darasa awe Königsberg, mwingine huku arushe jiwe asikokuona, wa tatu apande jukwaani awe ndege. Wakirudi ndani hakuna haja ya kuwaeleza kwa nini ndege ilikuwa na maana kuliko mzinga.

Mbao. Wanaofanya kazi hizi ng'ambo wanatumia mti uitwao balsa, mwepesi kama sponji. Hapa nilizunguka na sikuupata. Nikaenda Mwenge kwenye vinyago, nikamkuta mzee mmoja anapiga msasa twiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Unatafuta zawadi ya mchumba?"

"Hapana baba, natafuta mti mwepesi. Nataka kuchonga ndege."

"Ndege wa angani au ndege ya abiria?"

Nilipomweleza akaacha twiga wake, akaingia nyuma, akatoka na kipande cha msufi. Akasema mpingo ni wa kinyago, mninga ni wa kitanda, lakini kitu kinachotaka kuruka mpe msufi. Kisha akanionyesha kwa ukucha nyuzi za mti zinavyokwenda. Bawa lazima likatwe nyuzi zikiwa zinafuata urefu wake, ukikata kwa kukingama litavunjika kama biskuti. Hakuchukua hela. Alisema mwalimu hadaiwi. Wadau, mimi bado sijawa mwalimu, lakini siku ile nilitembea hadi kituoni kama mwalimu mkuu.

Mabawa nimeyapasua kwa jino la msumeno wa chuma, nikayasaga kwa msasa mpaka yakafika milimita 2. Bawa la ndege halilali bapa, lina mgongo kidogo kwa juu. Hapo nikaloweka vipande kwenye maji ya moto, nikavifunga kwa kitambaa kwenye ubavu wa chupa kubwa ya maji, nikaacha usiku kucha. Asubuhi vimekauka na mgongo wao. Mvua ilipokuja siku mbili mfululizo kimoja kikajinyonga tena kama kanda mbili iliyoachwa juani. Nikaelewa Sopwith zilipitia nini! Dawa yake ni kukipaka vanishi pande zote mbili, juu na chini, ili unyevu usiingie upande mmoja tu.

Nguzo na fremu ya mkia ni vijiti vya mishikaki. Kijiti chenyewe ni kinene mno, ukikigawa kwa skeli unapata nguzo ya umeme. Kwa hiyo unakipasua kwa wembe, halafu unachukua kipande cha bati, unakitoboa matundu kwa misumari ya ukubwa mbalimbali, na unakivuta kijiti tundu kwa tundu, kubwa hadi dogo. Kila tundu linakwangua kidogo, mwisho kinatoka chembamba na cha mviringo kama sindano. Vidole vitauma, lakini utajisikia fundi.

Waya za kukaza mabawa zilinisumbua akili. Uzi wa kushonea una manyoya, ukiutazama kwa karibu unaonekana kama kamba ya meli. Suluhisho lilikuwa kichwani kwangu, kwa maana halisi. Nilikuwa nafumua rasta, nikashika unywele mmoja wa bandia, nikautazama kwenye taa. Mwembamba, mweusi, haunyooki ovyo! Ndege yangu sasa imefungwa kwa rasta za mwezi uliopita, na asiyeambiwa hajui. Ule mtumbwi wa mbele nimeuchonga kwa mninga kwa makusudi ili pua iwe nzito, maana ndege yangu inashuka.

Ndiyo, inashuka. Siku ile, 11 Julai, kwenye Henri Farman walikuwa Cull anayeendesha na Arnold anayetuma ishara. Walipigwa na mizinga ya Königsberg, injini ikaharibika. Cull akaanza kuishusha ndege taratibu kuelekea mtoni, na huku wanashuka Arnold hakuacha kutuma masahihisho kwa Severn, pamoja na kuomba boti iwafuate. Ndege ikapinduka majini, wote wawili wakaokolewa. Makombora yakaendelea kuangukia pale pale alipoelekeza, na mchana ule Königsberg ikawa imekwisha. Nahodha wake Looff akaamuru imaliziwe kwa kulipuliwa. Mimi nimechagua dakika ile kabla ya maji. Ndege imesimama juu ya ganda la peni linalopitisha mwanga, pua chini, magurudumu hayajagusa mto. Mto ni ubao uliopakwa rangi ya chai ya maziwa, kisha vanishi tabaka 6. Mikoko ni mizizi ya nyasi niliyoigeuza juu chini, maana mkoko nao unasimama kwa magoti yake. Mchu na mkandaa nimeweka kwa vichaka vya sponji iliyokatwakatwa.

Mpaka hapo kila mtu hosteli alikuwa anakuja kuangalia. Nikampigia bibi Kibiti kumsimulia. Bibi ni mtu wa kusikiliza mpaka mwisho ndipo aseme. Nilimweleza ndege, rubani, Severn, Mersey, rasta. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, wazee wetu hawakusimulia ndege. Walisimulia kamba."

Nikamuuliza kamba gani. Akasema babu yake alikuwa akionyesha bega, anasema hapa palipita kamba ya Mjerumani. Basi, hana zaidi ya hapo. Hajui mwaka, hajui jina la meli. Bega tu.

Wadau, nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyeambiwa matokeo. Kwa sababu ile habari ya kamba ninayo kwenye daftari langu, nimeiandika mwenyewe, ila iko pembezoni kama kitu kidogo. Sehemu za boila za Königsberg zilipoharibika, zilikokotwa nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa karakana, zikakokotwa tena kurudishwa Rufiji. Na meli ilipokwisha kuzama, mizinga yake yote 10 ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezewa magurudumu, halafu ikatawanywa kwenda kupigana nchi nzima. Mmoja ulifungwa hata kwenye meli ya Götzen kule Ziwa Tanganyika, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Mwingine uko Fort Jesus Mombasa hadi leo, mwingine Pretoria. Vitabu vinaandika "ilikokotwa", "ilipelekwa". Na nani? Boila haina miguu.

Na tukiwa hapa Dar hatuhitaji hata kitabu. Kariakoo tunakokwenda kununua mitumba ni jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ile ile, jina la Kiingereza lililopinda midomoni mwetu. Sanamu ya Askari pale mjini, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili yanayowataja wapagazi pia. Waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu wakibeba mizigo ya pande zote mbili ni makumi ya maelfu. Watu wawili wa Farman tunawajua kwa majina, na waliokolewa kwa boti. Mtu wa kamba tunalo bega lake tu.

Usiku ule nikamwambia mwenzangu wa kitanda cha juu (tunamwita Profesa kwa sababu anasoma hata wakati wa kupiga mswaki) kwamba naongeza watu wanaovuta mzinga. Akakataa katakata. Akasema daiorama ni dakika moja, na tarehe 11 Julai hakuna mzinga uliokuwa unavutwa, meli ilikuwa bado inapigana. Ukichanganya siku mbili kwenye ubao mmoja unawafundisha watoto uongo. Nikamwambia nikiwaonyesha ndege peke yake nawafundisha uongo mwingine, kwamba mambo yalitokea Rufiji bila Warufiji. Akasema hisia si ushahidi. Nikasema na ukimya si ushahidi. Tukabishana mpaka wa kitanda cha dirishani akazima taa kwa hasira.

Lakini Profesa ana haki yake, na mimi siwezi kusimama mbele ya darasa nikijua tarehe zangu zimeshonwa pamoja. Asubuhi tukiwa kwenye foleni ya chai yeye mwenyewe akanipa jibu: "Si ufanye mbao mbili?" Nikataka kumkumbatia pale pale na kikombe chake.

Kwa hiyo sasa ziko mbao mbili zinazoungana kwa bawaba ya mlango wa kabati. Ya kwanza ina kibao: 11 Julai 1915. Mto, mikoko, ndege inashuka. Ukifungua bawaba unakuja ubao wa pili, na kibao chake kinasema: baada ya vita ya mtoni, mwaka 1915. Hapo pana njia ya tope, mkokoteni, na juu yake mzinga. Mdomo wa mzinga ule ulikuwa milimita 105 na mtutu ulikuwa mara 40 ya hapo, yaani mita 4 na ushee; kwangu unakuwa chini kidogo ya sentimita 6, nimeutengeneza kwa kijiti kinene cha mshikaki. Mbele yake watu 40 wameinamia kamba. Kamba ni nyuzi za katani, nimezisokota mbili mbili kama bibi alivyonifundisha nikiwa mdogo.

Mtu wa mita 1.70 kwa skeli hii ana sentimita 2 na milimita 4. Unamchonga kwa wembe kwenye kijiti, unakata magoti kidogo ili ainame. Nilidhani hii ndiyo kazi rahisi baada ya ndege. Thubutu! Ndege imenichukua siku 11. Watu wamenichukua 13 na bado wawili. Ukiwafanya wote sawa wanaonekana kama kiberiti, kwa hiyo kila mmoja lazima aegemee kwa namna yake. Kuna aliyeteleza. Kuna anayetazama nyuma. Kuna mmoja ameshika bega, na huyo sitamwambia mtu kwa nini, ila ninyi mnajua.

Mhadhiri alipita kuangalia maendeleo, akasema ndege ni nzuri sana, akauliza hawa watu ni wa nini, watakula muda wa kipindi. Dakika 40 za kipindi, alisema, hazitoshi ndege na wapagazi. Nikamwonyesha andalio langu la somo. Dakika 15 uwanjani na jiwe, dakika 10 ubao wa kwanza, dakika 15 ubao wa pili, na swali la kumalizia: ni nani kati ya hawa tunayemjua kwa jina, na kwa nini? Akasoma, akanirudishia, akasema "Haya, tutaona huko shuleni." Sijui hiyo ni maksi ngapi. Lakini swali nimelibakiza, na watu hawatoki.

Mafunzo yanaanza mwezi ujao. Kinachonitia hofu sasa ni safari. Mbao mbili zikifungwa ndege inabaki ndani kama kwenye sanduku, ila barabara zetu mnazijua, na kondakta hatajua kwamba ameketi juu ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Nimepanga kununua siti mbili. Ndiyo, siti ya ndege! (Hii nimeisubiri tangu juu.)

Nina ombi moja kabla sijarudi kwenye wale wawili waliobaki. Kama kuna mdau yuko Mombasa au anakwenda, naomba apite Fort Jesus anipigie picha ya mzinga wa Königsberg kutoka ubavuni, amsimamishe mtu kando yake nipate kulinganisha urefu. Wangu nimeuchonga kwa hesabu, nataka kuona kama hesabu na chuma vinakubaliana. Soda juu yangu.

Tuko pamoja. Naenda kufagia vumbi kabla sijafukuzwa chumbani.